Mwaliko wa semina umwendee mweka hazina

Ukitaka kujua nani ni nani katika asasi ya kijijini, subiri mwaliko wa semina uje. Wa kwanza atakwenda mwenyekiti. Wa pili atakwenda katibu. Wa tatu, ikiwa mwenyekiti ana msiba na katibu yuko shambani, atakwenda mjumbe yeyote anayejua kuongea mbele za watu. Mweka hazina habanduki nyumbani. Imeshakubalika kwamba kazi yake ni kushika fedha, na fedha zenyewe bado hazijaja, sasa aende kujifunza nini?

Semina nazo zinafanana. Ukumbi wa hoteli makao makuu ya mkoa, bango lenye nembo za wafadhili, chai ya saa nne, mada ya jinsi ya kuandika andiko la mradi, kazi za vikundi kwenye karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani, kisha posho na nauli jioni ya siku ya mwisho. Washiriki hurudi na kabrasha pamoja na cheti. Nimehudhuria za kutosha, na sisemi hazina maana. Mtu anayeelewa tofauti ya lengo kuu na shughuli, anayejua kupanga bajeti inayokubaliana na mpango kazi, yuko mbele ya asiyejua. Lakini kwa yale niliyoyaona vijijini, asasi chache huanguka kwa sababu ya andiko baya kuliko zinazoanguka baada ya andiko kukubaliwa. Zinaangukia kwenye fedha za awamu ya pili.

Asiyewahi kupokea ruzuku huenda asilielewe hili. Ruzuku haiji kama mahari, kifurushi kimoja mkononi. Mfadhili na asasi husaini mkataba, fedha za awamu ya kwanza zinaingia benki, kazi inafanyika, halafu asasi inapeleka taarifa mbili: ya utekelezaji na ya fedha. Taarifa zikikubalika, awamu inayofuata inatoka. Zisipokubalika, barua zinaanza kupishana. Mfadhili anaomba viambatisho. Asasi inatafuta risiti ambazo hazikuwahi kuwapo. Miezi inapita, mvua zinaanza, jengo limeishia kwenye lenta, na kijijini maneno yanasambaa kwamba viongozi wamekula hela. Mara nyingi hawajala. Wamezitumia kwa kazi ileile waliyotumwa, ila hawana cha kuonyesha.

Chukua mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki huko Kilolo, mkoani Iringa. Ni cha kubuni, lakini vya aina yake viko kila wilaya. Kimepata ruzuku ya kujenga chumba cha kuchujia asali. Matofali yanahitajika 2,000, na hakuna haja ya kuyaagiza mjini kwa sababu mwenye tanuri anaishi bondeni hapohapo. Bei ni Sh200 kwa tofali. Mweka hazina anamkabidhi Sh400,000.

“Sasa kaka, naomba risiti.”

“Risiti ya matofali ya kuchoma, mama? Nani kakwambia tanuri langu lina mashine?”

Wanacheka wote wawili. Mweka hazina ambaye hajafundishwa atarudi nyumbani, afungue kauntabuku lake, aandike “matofali, 400,000”, alifunge. Ameandika ukweli mtupu, na ukweli huo utamtesa miezi minne baadaye. Aliyefundishwa atafungua mkoba atoe kijitabu cha hati za malipo. Ataandika tarehe, jina la mwuzaji, kitongoji chake na namba yake ya simu. Idadi ya matofali, bei ya kila moja na jumla kwa tarakimu na kwa maneno. Mradi gani na kifungu gani cha bajeti. Mwuzaji atasaini, na kama hajui kuandika ataweka dole gumba. Mwenyekiti wa kitongoji atashuhudia, na ofisi ya kijiji itagonga muhuri. Atakayepokea matofali eneo la ujenzi ataandika hati ya kupokea bidhaa, maana kulipia 2,000 ni jambo moja na kuhesabu 2,000 ni jambo jingine. Malipo yakipitia simu, ujumbe wa muamala utanakiliwa na kuambatishwa. Kwa manunuzi madogo ambako mwuzaji hana mashine ya risiti, wafadhili wengi hukubali mpangilio wa namna hii, mradi asasi iwe imewauliza mapema na kikomo chake kiwe kimewekwa kwenye mkataba.

Somo hilo linamalizika kwa siku moja. Hati, daftari la fedha lenye safu ya mapato, matumizi na baki, masurufu na jinsi ya kuyarejesha, kulinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi: mtu aliyemaliza darasa la saba na anayejua kujumlisha bila kuruka mstari anaweza kuyashika. Wapo akina mama wanaotunza daftari la VICOBA kwa miaka mingi bila shilingi kupotea, hisa, mikopo, riba, faini na mfuko wa jamii, vyote kwenye kurasa zilizopigwa mistari kwa rula. Hao wanajua uhasibu kuliko wanavyodhani. Kinachowakosesha usingizi ni fomu za mfadhili.

Na kodi. Hapa viongozi wengi huinua nyusi. Kuna imani kwamba shirika lisilotafuta faida halihusiki na TRA. Si kweli. Kusajiliwa kuwa shirika lisilo la kiserikali hakulipi msamaha wa kodi; hadhi ya taasisi ya hisani huombwa kwa Kamishna kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na hata anayeipata bado ana wajibu wa kukata kodi za wengine. Ofisi ya asasi ikipanga chumba kwa Sh100,000 kwa mwezi, Sh10,000 ni kodi ya zuio inayopaswa kwenda TRA, na mwenye nyumba apewe Sh90,000. Mshauri aliyeitwa kufanya tathmini hukatwa asilimia 5. Mweka hazina aliyelipa kamili kwa sababu mwenye nyumba ni shemeji wa mwenyekiti atajikuta anadaiwa fedha ambazo hazimo kwenye bajeti yoyote.

Sheria yenyewe ya mashirika haya ni ya 2002, Sheria Na. 24, iliyorekebishwa 2005 na tena 2019. Marekebisho ya 2019 yalitikisa wengi, kwa kuwa mashirika yaliyokuwa yamejisajili kama kampuni zisizo na hisa au kama jumuiya na yakafanya kazi za maendeleo yalitakiwa kuhamia kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Usajili unafanyika kwa ngazi: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Asasi ya wilaya moja haina sababu ya kukimbilia cheti cha taifa kwa ajili ya fahari. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye mlango wa karibu, na kikundi kidogo cha kijamii kinaweza kuanza kwa kutambuliwa na halmashauri kabla ya kufikiria hatua kubwa zaidi. Baada ya cheti kuna ada ya mwaka na taarifa ya mwaka. Msajili amekuwa akifuta mashirika yanayopuuza hayo mawili, na mfadhili makini huanza kwa kuuliza kama jina lako bado lipo kwenye daftari. Kanuni za 2018 nazo zinataka shirika linalopokea fedha zinazozidi Sh20 milioni lizitangaze hadharani, na mkataba wake ufike kwa Msajili na Hazina. Ukitazama, yote haya yanaangukia kwenye meza ya mtu mmoja, yuleyule aliyebaki nyumbani wakati wa semina.

Fedha zenyewe ziko wapi? Watu wengi wakisikia ruzuku wanafikiria Ulaya na Marekani moja kwa moja, na hapo ndipo matapeli wanapojipenyeza na ujumbe wa kutaka “ada ya usajili” itumwe kwenye namba fulani ya simu kabla ya ruzuku kutoka. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kuomba. Wafadhili walio karibu wana faida kubwa kwa asasi ya kijijini, kwa kuwa baadhi yao wanasoma andiko lako kwa Kiswahili na wanajua Kilolo iko wapi.

Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa 2002 na yenye makao yake Dar es Salaam, ndiyo inayofahamika zaidi. Inapokea fedha kutoka kwa wafadhili wa nje na kuzigawa kwa asasi za kiraia za Bara na Visiwani, na imekuwa ikipokea maandiko ya Kiswahili. Ninachoipendea si ukubwa wa ruzuku zake. Ni kwamba asasi iliyoshinda huitwa kwanza kwenye mafunzo ya kusimamia ruzuku, kabla ya kazi kuanza, na anayeshika fedha anatakiwa awepo. Hapo ndipo watu wa vijijini wengi walipokutana kwa mara ya kwanza na hati ya malipo. Asasi iliyopita pale na kumaliza mradi bila doa hubeba sifa ambayo wafadhili wengine wanaiheshimu.

Kwa mambo ya mazingira kuna mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF), mpango unaoendeshwa na UNDP tangu 1992 katika nchi nyingi duniani, Tanzania ikiwamo. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 za Marekani kwa mradi, na asasi nyingi hupata chini ya hapo. Maombi yanaamuliwa hapa nchini na kamati ambayo wengi wa wajumbe wake si watumishi wa Serikali. Mpango huu una mambo mawili ambayo laiti wengine wangeyaiga. Unakubali maombi kwa lugha ya wenyeji, hata kwa njia ya video kwa jamii isiyoandika sana. Tena una ruzuku ya maandalizi, fedha kidogo zinazotolewa ili jamii ikae, ijadili na kuandaa andiko lake yenyewe badala ya kumlipa mshauri wa mjini anayebadilisha jina la kijiji tu kwenye andiko la mwaka jana. (Wapo. Nimeona andiko la kikundi cha wavuvi likizungumzia mifugo kwenye ukurasa wa nne.)

Mpango huo unataka jamii nayo ichangie, na mchango wa nguvu kazi unahesabika. Hapa mweka hazina anaweza kupata fedha pasipo na fedha. Wanakijiji 40 wakichimba mtaro kwa siku sita, na kibarua cha siku pale kijijini ni Sh5,000, mchango wao ni Sh1,200,000. Lakini ni mchango tu ikiwa kuna orodha ya mahudhurio ya kila siku, majina na saini, na barua ya serikali ya kijiji inayothibitisha bei ya kibarua. Pasipo orodha, jasho lote lile ni hadithi. Kiwanja kilichotolewa na kijiji, mchanga, maji, nyumba ya kulala fundi, vyote vinapewa bei na kuandikwa. Viongozi wengi hawajui, wanaandika kwenye andiko kwamba “jamii itashiriki kikamilifu” na kuishia hapo.

Mfuko wa Misitu Tanzania, uliozaliwa na Sheria ya Misitu ya 2002 na kuanza kazi 2011, hutoa ruzuku kwa watu binafsi, vikundi na taasisi kwa ajili ya upandaji miti, uhifadhi na ufugaji nyuki. Fedha zake ni za ndani, jambo ambalo baada ya misaada ya nje kukatwa 2025 lina uzito wake. Mfuko wa Wanawake Tanzania, ulioanza 2008, unafikia vikundi vya wanawake ambavyo wafadhili wakubwa wasingevitazama. Ubalozi wa Japani una ruzuku yake ya miradi ya wananchi, ambayo kwa kawaida inajenga darasa, zahanati au kisima na kununua vifaa, lakini hailipi mishahara wala gharama za kuendesha ofisi. Ubalozi wa Kanada una mfuko wake wa miradi ya wenyeji ambao hutangaza wito mara moja kwa mwaka, na muda wa kuomba ni mfupi. Anayesubiri wito utoke ndipo aanze kutafuta cheti cha usajili na hesabu za mwaka uliopita, ameshachelewa.

Ruzuku za Serikali ya Marekani ni habari nyingine. Kwa kawaida anayeomba moja kwa moja hutakiwa kuwa na namba ya utambulisho kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na mfumo huo unataka anwani halisi ya mahali, mtaa na namba ya nyumba, ithibitishwe kwa nyaraka. Mwambie mtu wa kijijini aandike namba ya nyumba. Ana S.L.P. ya halmashauri anayoazima, na ofisi yake inaelekezwa kwa kusema iko nyuma ya mashine ya kusaga. Jina kwenye cheti likiwa na herufi moja tofauti na jina kwenye akaunti ya benki, maombi yanarudi. Nina ushauri mmoja usio na gharama kwa kila asasi mpya: jina liandikwe herufi kwa herufi sawasawa kwenye katiba, cheti, TIN, akaunti ya benki na muhuri. Kifupisho kilichowekwa kwenye muhuri kwa sababu jina lilikuwa refu kimewahi kuleta usumbufu wa miezi.

Halafu ikaja Januari 20, 2025. Amri ya Rais wa Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na kabla siku hizo hazijaisha programu nyingi zilikuwa zimefutwa kabisa. Julai 1 mwaka huohuo USAID iliacha kufanya kazi kama chombo cha misaada. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza msaada wake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027. Habari hizi zilisomwa mjini kama siasa za kimataifa. Vijijini zilifika kwa njia ya simu: mratibu wa shirika la mkoani akimpigia katibu wa asasi kumwambia asitumie hata shilingi iliyobaki.

Kilichoonekana wazi wakati huo ni jinsi asasi za vijijini zilivyokuwa mwisho wa mnyororo mrefu. Mfadhili alitoa kwa shirika la kimataifa, nalo likatoa kwa shirika la kitaifa, nalo likatoa kwa asasi ya wilaya, nayo ikalipa wahamasishaji wa vijiji. Kila mmoja alichukua gharama zake za uendeshaji. Wa mwisho hakubakiwa na cha kuendeshea chochote. Kwenye mkutano wa Istanbul wa 2016 wafadhili na mashirika makubwa yalikubaliana kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya kibinadamu zifike kwa mashirika ya wenyeji kadiri inavyowezekana moja kwa moja. Mwaka ukafika, robo haikufika. Sababu inayotajwa siku zote ni ileile, kwamba mashirika madogo hayana uwezo wa kusimamia fedha.

Nina ugomvi na sababu hiyo, ingawa nimetumia nusu ya makala hii kuonyesha kwamba ina ukweli. Mfadhili anataka hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, lakini bajeti ya ukaguzi anaikata kwa maelezo kwamba fedha ziende kwa wanufaika. Anataka mhasibu mwenye sifa, lakini hataki mstari wa mshahara. Anataka taarifa kila robo mwaka kwa mfumo wa mtandaoni, na asasi inampeleka katibu kwa bodaboda hadi kwenye mnara kutafuta mtandao, bila risiti ya bodaboda hiyo. Chini ya kanuni za Marekani shirika lisilo na kiwango maalumu cha gharama za uendeshaji liliruhusiwa kudai asilimia 10, na tangu Oktoba 2024 asilimia 15. Asasi ya chini kabisa kwenye mnyororo mara nyingi hata haikuambiwa kwamba haki hiyo ipo. Kwa hiyo uwezo haukosekani tu, unanyimwa, halafu kukosekana kwake kunatumika kuwa sababu ya kuendelea kuunyima.

Yapo mambo yaliyofanyika vizuri. Legal Services Facility, iliyoanza 2011, ilitaka kuwafikia wasaidizi wa kisheria wilayani, watu wanaomsaidia mjane asifukuzwe kwenye shamba au mzazi adai matunzo ya mtoto. Haikuwaita wote Dar es Salaam kila robo mwaka. Iliweka mashirika walezi mikoani, ambayo kazi yao ilikuwa kutembelea vikundi vya wilaya, kukaa navyo, kufungua madaftari na kusahihisha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilipowatambua rasmi wasaidizi hao, palikuwa na vikundi vilivyoweza kusimama mbele ya msajili vikiwa na hesabu mkononi. Mlezi anayekuja kijijini mara kwa mara, akakaa kwenye benchi na mweka hazina wakipitia hati moja moja, hufundisha kisichofundishika hotelini. Anamkuta na matatizo yake halisi, kama lile la matofali.

Kwa wanaotaka elimu rasmi, Arusha ina hazina. MS TCDC pale Usa River, kilichoanzishwa na Wadenmark 1967, kimefundisha kizazi baada ya kizazi cha watu wa mashirika. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru haiko mbali nacho. Anayeweza Kiingereza na mwenye rekodi ya kazi anaweza kujaribu ufadhili wa Coady Institute ya Kanada, iliyoanzishwa 1959 kwa jina la padri aliyewafundisha wavuvi na wakulima wa Nova Scotia wajisomee kwa vikundi mambo ya uchumi na ushirika kabla hawajafungua vyama vyao vya kuweka na kukopa. Lakini hizo ni nafasi za mtu mmoja mmoja, na mara nyingi yule anayechaguliwa ni mratibu kijana mwenye shahada. Anakwenda, anarudi, anapata kazi kwingine.

Mimi naona jibu liko kwenye majengo ambayo tayari tunayo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza 1975, kwa ushirikiano na Sweden, vikafikia zaidi ya 50 nchi nzima: Ilula, Ulembwe, Newala, Kisarawe na kwingineko. Vina mabweni, majiko, walimu na viwanja, na viko wilayani, si mkoani. Vilijengwa kwa ajili ya watu wazima ambao hawakusoma sana, ambao ndio hasa waweka hazina wetu. Wiki moja Ilula, mweka hazina akiwa amekuja na kauntabuku lake na risiti zake zote hata kama amezifungia kwenye ndoo ya rangi, ingegharimu sehemu ndogo ya siku tatu za hoteli mjini. Mafunzo yafanywe kwa vitabu vyake mwenyewe, si kwa mfano wa shirika la kufikirika uliotafsiriwa kutoka kabrasha la kigeni. Siku ya mwisho aondoke na daftari lililofungwa hadi mwezi uliopita, limelinganishwa na taarifa ya benki. Halafu mkufunzi amfuate nyumbani baada ya miezi mitatu. Mfadhili anayesoma haya na ana bajeti ya “kujenga uwezo” ajaribu hata wilaya moja.

Nilipolitoa wazo hili mbele ya viongozi wa asasi kadhaa, hakuna aliyelikataa, lakini walinipa angalizo ambalo sikulitegemea. Walisema mweka hazina akishaiva, shirika kubwa la mkoani litamchukua. Ni kweli. Mtu anayeweza kutoa taarifa ya fedha safi kutoka kijijini hakai sokoni muda mrefu, na nani atamlaumu mama mwenye watoto wanne shuleni akipata mshahara wa kila mwezi badala ya posho ya vikao? Wengine walipendekeza asainishwe mkataba wa kutoondoka. Sidhani utamfunga mtu ambaye asasi haimlipi. Kinachowezekana ni kumpeleka chuoni pamoja na msaidizi wake, wawili kwa mwaliko mmoja, na katiba iseme kwamba daftari haliandikwi na mkono mmoja zaidi ya miaka mitatu. Nauli ya mtu wa pili kutoka kijijini hadi Ilula inajulikana. Iwekwe kwenye bajeti.